SOMO LA SITA: Hamu ya Chakula, Maumivu ya Neva na Fedha ya Mlaji

Madhumuni ya somo

Mwisho wa somo hili msomaji ataweza kueleza kwa nini mtu mwenye maumivu ya neva hupatwa na hamu kali ya vyakula fulani, kupanga sahani yake kwa vyakula vya kwao, na kupima ahadi za wauzaji kabla ya kutoa fedha.

Utangulizi

Katika Kiswahili cha sheria na ofisi zetu, kila anunuaye bidhaa au huduma kwa matumizi yake huitwa mlaji. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 humlinda mtu huyo dhidi ya udanganyifu wa wauzaji. Katika somo hili jina hilo litatumika kwa maana zake zote mbili, kwa kuwa tutamzungumzia mtu anayekula na pia anayenunua, naye ana maumivu yasiyokwisha. Mtu wa namna hiyo hudanganyika kwa urahisi. Si kwamba hana akili, amechoka.

Tuanze na mfano tuliouandaa kwa ajili ya somo. Mama mmoja wa Kibingo, katika Wilaya ya Kyerwa iliyogawanywa kutoka Karagwe mwaka 2012, ana shamba la migomba na kahawa. Ameishi na kisukari kwa miaka saba. Mchana nyayo zake zina ganzi, na usiku zinawaka kama mtu aliyekanyaga makaa, hata shuka likigusa vidole anashtuka. Kituo cha afya kimempa metformini kwa ajili ya sukari na amitriptilini ya kumeza usiku kwa ajili ya maumivu. Tangu aanze dawa hiyo ya pili maumivu yamepungua kidogo, lakini kinywa kimekuwa kikavu na hamu ya vitu vitamu imezidi. Akiamka usiku wa manane hufungua soda, au hula ndizi mbivu mbili tatu kabla ya kurudi kitandani.

Siku ya gulio, fedha ya kahawa ikiwa mkononi, anasimamishwa na muuzaji mwenye kipaza sauti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Miguu inawaka usiku?"

"Inawaka."

"Na ganzi je?"

"Nayo ipo. Umejuaje?"

"Nimewaona wengi, mama. Dawa yako ni hii, chupa tatu tu. Vidonge vya hospitali utaviweka kando. Hata soda utakunywa kama zamani."

"Na usingizi nitaupata?"

"Utalala kama mtoto."

Msomaji aangalie vizuri kilichouzwa hapo. Muuzaji hakuuza dawa ya maumivu peke yake. Aliuza pia ruhusa: mama aache vidonge, anywe soda. Maumivu yalimfanya asimame, na hamu ikamfanya afungue kitambaa cha fedha. Anayetaka kujilinda sokoni hana budi kwanza aielewe miguu yake na hamu yake.

Maumivu haya hutoka wapi

Mishipa ya fahamu, ambayo wengi huiita neva, huchukua habari kutoka kila pembe ya mwili na kuzipeleka kwenye ubongo. Sukari ikikaa juu katika damu kwa miaka mingi huiharibu mishipa hiyo pamoja na mishipa midogo ya damu inayoilisha. Mishipa mirefu huumia kwanza, na mirefu kuliko yote ni ile inayofika kwenye vidole vya miguu. Ndiyo sababu dalili huanzia nyayoni na kupanda taratibu kama soksi inayovutwa, na baadaye hufika mikononi.

Neva iliyoumia hutoa habari za uongo. Hupiga kelele ya moto pasipo moto, na baadaye hunyamaza mahali palipo na moto wa kweli. Ukimya huo ndio wa hatari zaidi. Mtu hukanyaga mwiba shambani asijue, au huota moto jikoni mpaka ngozi ikaungua bila kuhisi. Kidonda kidogo kisichouma hupuuzwa, huingia vijidudu, na mwisho wake waweza kuwa kukatwa mguu.

Kisukari si chanzo pekee. Pombe nyingi kwa miaka mingi huharibu neva, na hupunguza vitamini B1 mwilini. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, hupunguza vitamini B6, na kwa hiyo wagonjwa wengi hupewa piridoksini pamoja nayo. Virusi vya UKIMWI pia huweza kuumiza neva. Mkoa wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, una watu waliotumia stavudini, dawa ya zamani iliyookoa maisha ya wengi lakini ikawaachia baadhi yao maumivu ya miguu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi ziiache dawa hiyo hatua kwa hatua. Dawa za sasa ni nyingine, na hakuna sababu ya kuziacha kwa hofu ya ile ya zamani.

Upungufu wa vitamini B12 nao huleta ganzi na maumivu. Vitamini hii hupatikana katika vyakula vitokanavyo na wanyama: samaki, dagaa, mayai, maziwa, nyama na maini. Metformini ikitumiwa kwa miaka mingi huweza kuipunguza. Mtu anayekula ndizi na maharage siku zote, asiyeonja maziwa wala dagaa, naye anameza metformini kwa miaka, ana sababu mbili za kupungukiwa. Amweleze mhudumu wa afya jambo hilo bila kusubiri kuulizwa.

Hamu nne na maana zake

Watu wengi huiona hamu ya chakula kuwa udhaifu wa tabia. Mgonjwa hugombezwa na watoto wake, naye hujificha ili ale. Lakini hamu ina sababu, na kila sababu ina jibu lake.

Hamu ya kwanza hutokana na sukari kushuka. Anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamide, akichelewa kula au akilima kwa muda mrefu kuliko kawaida, huweza kutetemeka, kutoka jasho, moyo kwenda mbio na kuona njaa kali ya ghafla. Hamu hii itiiwe mara moja. Kama ana kipimo na kinaonyesha chini ya 4, au kama hana kipimo lakini dalili zipo, anywe maji yenye vijiko vinne vya chai vya sukari, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Baada ya dakika 15 ajipime au ajiangalie tena. Kama bado, arudie, kisha ale mlo. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu kinywani, bali akimbizwe kituo cha afya.

Hamu ya pili ni kiu iliyovaa nguo za njaa. Sukari ikiwa juu sana, mwili hukojoa maji mengi na mtu huona kiu. Amitriptilini nayo hukausha kinywa. Mama wa mfano wetu alidhani anataka kitu kitamu, kumbe kinywa chake kilitaka maji. Chupa ya soda ya mililita 350 huwa na gramu 35 hadi 40 hivi za sukari, yaani karibu vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu zote za chakula cha siku, na ni bora zaidi ikishuka hadi gramu 25 hivi, yaani vijiko sita. Chupa moja ya usiku imekwisha kuvuka hapo. Maji yaliyochemshwa, yakiwekwa karibu na kitanda yakiwa na kipande cha limau, huituliza hamu hii kwa gharama ndogo sana.

Hamu ya tatu huletwa na dawa. Amitriptilini, gabapentini na pregabalini zote huweza kuongeza hamu ya kula na uzito. Jibu lake ni mazungumzo na aliyeandika dawa, kwa maana kipimo chaweza kupunguzwa, saa ya kumeza ikabadilishwa, au dawa nyingine ikatafutwa. Kuziacha ghafla kwaweza kuleta dalili mbaya za mwili kuzikosa, na maumivu yakarudi.

Hamu ya nne huzaliwa na usiku usio na usingizi. Asiyelala vya kutosha huona njaa zaidi kesho yake, na mwili wake hutamani vitamu na mafuta. Mwenye maumivu hutafuta pia faraja, na kitu kitamu hufariji kwa dakika chache. Hamu hii haishindwi kwa kugombezwa. Hupungua usingizi ukirudi. Kahawa, ya kunywa au ya kutafuna, iishie mchana. Chakula cha jioni kiliwe mapema na kiwe na maharage ya kutosha, ili tumbo lisiamke saa nane. Na iwapo mkono lazima utafute kitu usiku, ukute karanga kidogo au kipande cha parachichi mahali ulipozoea kukuta soda.

Sahani ya Kibingo

Wagonjwa wengi huambiwa, "Usile ndizi." Agizo hilo halitekelezeki Karagwe wala Kyerwa, na wala halihitajiki. Ndizi mbichi iliyopikwa ina wanga mwingi, na sehemu ya wanga huo huchelewa kusagwa tumboni. Ikikaa ikaiva, wanga hugeuka sukari. Kwa hiyo mkungu ule ule ni chakula cha namna mbili kutegemea siku ulioliwa. Tofauti nyingine ni kiasi, na kile kilichopikwa pamoja nayo.

Gawa sahani yako kwa jicho. Nusu iwe mboga: mchicha, majani ya maboga, kabichi, nyanya chungu. Robo iwe ndizi, au ugali, au viazi. Robo ya mwisho iwe maharage, samaki, dagaa au mayai. Kwa desturi sahani zetu hujaa ndizi, na maharage huja juu kama kitoweo. Mwenye kisukari aongeze maharage na apunguze ndizi. Maharage hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu, na hushibisha kwa muda mrefu. Hili ni badiliko la mwiko wa kupakulia. Halihitaji chungu cha pili wala chakula cha kujitenga na jamaa.

Senene msimu wake ukifika ni kitoweo kizuri chenye protini na mafuta, mradi chumvi isizidi. Matunda yaliwe mazima, kidogo kidogo, badala ya kukamuliwa. Juisi ya ndizi mbivu na rubisi ni habari nyingine: ya kwanza ni sukari tupu ya kunywa, ya pili huongeza pombe, ambayo huumiza neva zile zile. Kwa anayetumia insulini au glibenklamide, pombe huweza pia kuishusha sukari kwa ghafla usiku.

Asali iangaliwe kwa haki. Wengi huamini kwamba kwa kuwa imetoka mzingani haina madhara kwa mwenye kisukari. Asali ni sukari, na huipandisha sukari ya damu.

Kabla ya kutoa fedha

Hakuna chakula, mzizi wala kinywaji kilichothibitishwa kuponya neva zilizokwisha kuharibika kwa kisukari. Kinachothibitika ni kwamba kuidhibiti sukari huchelewesha madhara, na kwamba zipo dawa zinazopunguza maumivu. Ukilishika neno hili, utaweza kupima karibu kila ahadi ya sokoni.

Nchi yetu ina somo kubwa la mwaka 2011. Katika kijiji cha Samunge, Loliondo, maelfu ya watu kutoka ndani na nje ya Tanzania walipanga foleni ya magari kwa siku kadhaa ili wanywe kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Kisukari kilikuwa miongoni mwa maradhi yaliyotajwa kuponywa. Kikombe kiliuzwa shilingi 500. Uthibitisho wa kwamba kiliponya kisukari haukupatikana, na wapo wagonjwa walioacha dawa zao wakarudi hospitali hali zao zikiwa mbaya. Mlaji ajifunze hapo kuhesabu bei nzima. Shilingi 500 ilikuwa bei ya kikombe tu. Nauli, siku za kazi zilizopotea na vidonge vilivyoachwa vilikuwa sehemu ya bei hiyo.

Basi, muuzaji akikusimamisha, uliza maswali haya manne.

1. Je, bidhaa imesajiliwa, na wapi? Dawa husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Chakula na viambato lishe, tangu mwaka 2019, husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Mganga wa tiba asili na dawa yake husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chini ya Sheria Na. 23 ya mwaka 2002. Omba uone namba, kisha uithibitishe.

2. Ndani ya chupa mna nini? Bidhaa isiyo na orodha ya viambato, jina la mtengenezaji wala tarehe ya mwisho wa matumizi haifai kununuliwa. Mahali pengi duniani wachunguzi wamekuta dawa zinazoitwa za mitishamba zikiwa zimechanganywa kwa siri na deksamethasoni au prednisoloni. Dawa hizo huleta nafuu ya haraka na kumfanya mtu ale sana, huku zikipandisha sukari. Nafuu ya siku tatu si ushahidi wa uponyaji.

3. Je, muuzaji anakutaka uache dawa ya hospitali? Akisema hivyo, mazungumzo yaishie hapo.

4. Je, dawa yake inatibu kila kitu? Maswali ya muuzaji yalimshangaza mama wa mfano wetu, lakini miguu inayowaka na ganzi ni malalamiko ya wazee wengi. Aliyesimama gulioni asubuhi nzima akiuliza hivyo atapata wa kumjibu ndiyo.

Tahadhari hiyo hiyo itumike dukani. Diklofenaki na dawa nyingine za viungo husaidia kidogo sana maumivu ya neva, nazo zikitumiwa mfululizo huweza kuharibu figo ambazo kisukari kimekwisha kuzitishia. Vidonge vya mchanganyiko wa vitamini B humsaidia aliyepungukiwa. Lakini vitamini B6 kwa wingi, kwa muda mrefu, yenyewe huharibu neva. Katika vyakula vya pakiti, soma orodha ya viambato: kilichotangulia ndicho kingi zaidi. Sukari huandikwa pia glukosi, fruktosi au sirapu. Maneno "haikuongezwa sukari" hayana maana ya kwamba haina sukari.

Tuhesabu fedha ya mama. Tuchukulie kila chupa ni shilingi 30,000. Chupa tatu ni shilingi 90,000. Kwa fedha hiyo angeweza kupata viatu vya kufunika vidole, dagaa na mayai ya wiki kadhaa, na nauli ya kwenda kliniki ya kisukari. Vitu hivyo haviahidi kuponya, lakini kila kimoja huulinda mguu wake.

Utunzaji wa miguu

Kila jioni, kwenye mwanga, tazama nyayo na katikati ya vidole. Asiyeona vizuri atazamiwe na mjukuu. Osha kwa maji ya vuguvugu na ukaushe vizuri. Maji yapimwe kwa kiwiko, au na mtu mwingine, kwa kuwa nyayo zenye ganzi hazitasema kweli. Usiote moto kwa miguu. Usiende peku shambani wala nyumbani, na kung'uta viatu kabla ya kuvivaa. Kidonda, malengelenge, mabadiliko ya rangi au uvimbe ni sababu ya kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama hakiumi, na hasa kama hakiumi.

Nenda pia upesi iwapo udhaifu wa miguu umekuja ghafla, ganzi imepanda kwa siku chache, au mkojo na haja kubwa havizuiliki. Hizo si dalili za kungoja siku ya kliniki.

Haki yako

Ukiuziwa bidhaa kwa ahadi ya uongo, tunza chupa, kifungashio na risiti, na uandike siku, mahali na maneno uliyoambiwa. Toa taarifa kwa Tume ya Ushindani, TMDA au TBS kulingana na bidhaa, au kwa ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya. Kulalamika si aibu. Muuzaji hutegemea aibu ya mnunuzi ili aende gulio la kesho na maneno yale yale.

Muhtasari

Maumivu ya neva ni ya kweli, nayo yana tiba ya kuyapunguza. Hamu ya chakula ina sababu: ijue kwanza, ndipo uijibu. Hamu ya kutetemeka na jasho itiiwe mara moja. Nyingine zipewe maji, usingizi, maharage, au mazungumzo na mhudumu wa afya. Ndizi haikukatazwa, pima kiasi, na uile ingali mbichi, imepikwa, tena na maharage. Anayekuuzia nafuu pamoja na ruhusa ya kuacha dawa, usimpe fedha yako.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika familia yenu, mwenye kisukari akishikwa na hamu ya kitu kitamu huambiwa nini? Mngeweza kumuuliza nini badala yake?

2. Pakueni sahani moja kama mlivyozoea, na nyingine kama somo linavyoshauri. Tofauti ni nini, na gharama imeongezeka au imepungua?

3. Kumbukeni dawa iliyotangazwa karibuni katika gulio lenu. Ipitisheni katika maswali manne ya somo hili.

4. Mama wa mfano wetu ameuliza kama atalala usingizi. Mngemjibu nini kwa ukweli, na mngemsaidiaje usiku wa leo?